Fundi Aliyeonja Chuma

Fundi alisalimu gari kwanza, mwenye gari baadaye. Ukifika kwenye banda lake la makuti nyuma ya stendi ya Kibiti, alikupita kana kwamba hukuwapo, akazunguka mpaka nyuma ya pikapu yako, akaweka kiganja juu ya bodi na kukaa hivyo kwa muda. Kisha ndipo alipokugeukia: "Salama, mjomba? Kwenu hawajambo?" Wageni walikasirika. Sisi tuliomzoea tulingoja zamu yetu, maana tulijua akishamalizana na chuma atauliza habari za mke, za watoto, za shamba na za mbuzi, na majibu yote atayasikiliza.

Asili yake siijui vizuri, na sitajifanya naijua. Nilimkuta mtu mzima, tumemzika mzee, na katikati hapo nilimjua miaka kumi na saba. Jina lake analo mkewe na wanalo walioandika kibali cha mazishi. Kwetu sisi wa barabarani alikuwa Fundi, na mafundi wengine wote wa Kibiti ilibidi waongezewe neno ili wasichanganywe naye: fundi umeme, fundi magurudumu, fundi cherehani.

Kazi yake ilikuwa moja, kuyavika mabodi ya pikapu ngozi. Asiyebeba mizigo ya huku kwetu hawezi kujua umuhimu wake. Samaki wa delta wanashuka kwenye mitumbwi wakichuruzika maji ya chumvi, kamba wako kwenye matenga yanayovuja, na mpunga wa Mohoro ukipakiwa mbichi unatoka jasho njia nzima. Gari linaweza kuwa jipya, injini inanguruma vizuri, na sakafu ya nyuma imekuwa chujio la tui. Wenye uwezo huenda Dar wakapuliziwa dawa ya kiwandani kwa mashine. Fundi alijitengenezea yake: rangi nzito ya mafuta, hadina ya kuigandisha, na unga wa mpira unaobaki matairi yanapokwanguliwa, ambao aliuagiza kwa magunia. Alikoroga kwenye ndoo kwa fimbo ya mkoko na kupaka kwa rola, mkono wa kwanza mwembamba, wa pili mzito. Ikikauka ilikuwa nyeusi na yenye kukwaruza kidogo, kama ulimi wa ng'ombe, na tenga la kamba lilikaa juu yake bila kuteleza.

Hakuficha dawa yake. Ukimwuliza vipimo alikutajia vyote, mpaka wengine wakadhani anawapumbaza. "Nenda kapake mwenyewe nyumbani," alisema. "Ntu yeyote aweza kupaka." Wakaenda wakapaka. Baada ya miezi minne walirudi na mabodi yanayobanduka maganda kama muhogo uliochemshwa, na Fundi hakuwacheka. Aliwauliza swali moja tu: mlikausha siku ngapi? Kwake kupaka ilikuwa kazi ya nusu siku. Kuosha, kukausha, kupiga msasa, kufuta mafuta kwa tina, kungoja, kuangalia mawingu, kungoja tena, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, na ilichukua siku nne. Asubuhi yenye umande alikaa kwenye kigoda chake na kukataa kushika rola hata umwite mjeuri.

Alikuwa mjeuri pia, tuseme ukweli. Dereva mmoja alitaka kupakia magunia ya chumvi siku moja tu baada ya gari lake kuvikwa ngozi, na Fundi alikuwa amesema siku tatu. Hawakugombana. Fundi alichukua msahafu wake, akapanda kwenye bodi, akaketi katikati akasoma kimya kimya kuanzia adhuhuri mpaka wapakiaji walipokwenda zao. Mwenye chumvi alitukana mpaka akachoka. Jioni Fundi alishuka, akamwamkia kwa heshima na kumkaribisha nyumbani ale.

Huko nyumbani ndiko ungeona mambo yake. Mtu aliyeiogopa chumvi kama nduli alikula chumvi kama mbuzi. Alinyunyizia kwenye embe, kwenye muhogo, hata kwenye mchuzi ambao mkewe alikwisha uunga. "Huyu siku moja nitamvika hiyo ngozi yake tumboni," mkewe aliniambia mara nyingi. Baiskeli yake ilikuwa imekula kutu kuanzia usukani hadi vifuniko vya matope, na mabati ya nyumba yake yalikuwa mekundu kama ardhi ya Mtawanya. Nilimtania kuhusu hilo karibu kila nilipofika. Alijibu kwamba vitu vyake havina abiria.

Misemo yake haikuwa mingi, na mingi aliichukua kwa wakubwa. Uliokuwa mdomoni kila siku ni ule wa mficha maradhi, kwamba kilio humuumbua. Aliwaambia wenye magari walioziba matundu kwa simenti ya boksi na kupitisha rangi juu ili asione. Alikuwa akiona. Aligonga kwa kishikio cha bisibisi, anasikiliza, anagonga tena, anachora mviringo kwa chaki na kusema, "Hapa umenidanganya, na hapa pia." Watu walicheka, nami nilicheka nao.

Lakini chumvi haigongeki wala haionekani. Kwa hiyo Fundi aliionja. Gari likishakauka alilowesha kidole kwa maji ya chupa, akasugua chuma, akaweka ulimini, akangoja, akatema. Alifanya hivyo pembe zote nne, kwenye mikunjo, na pale inapofungwa fremu ya kushikia. Sisi wa mtoni tunaelewa kwa nini. Kiangazi mto ukishashuka na bamvua likaja, maji ya bahari hupanda taratibu mpaka kwetu, na kwa macho ni maji yale yale ya kunywa. Mama zetu huonja kabla ya kutia sufuriani. Anayeosha chuma kwa maji hayo, kisha akafunika juu kwa ngozi isiyopitisha hewa, amefungia mwizi ndani ya nyumba. Juu panang'aa, chini panaliwa.

Mwezi wa Ramadhani hakuonja, na kwa sababu hiyo hakufanya kazi. Shehe alikwisha mwambia kwamba mpishi anaruhusiwa kuonja na kutema na swaumu yake haiharibiki. Fundi hakuridhika. "Mpishi aonja futari," alisema, "mie nikaonje pikapu? Nitaulizwa nini huko mbele?" Mwezi mzima banda lilifungwa, na yeye alishinda msikitini au akikarabati wavu wa kuku.

Mwaka mmoja Ramadhani iliangukia kipupwe. Mto ulikuwa umeshuka, barabara imekauka, na mimi nilikuwa na mpunga wa kusafirisha kabla ya Idi. Sakafu ya pikapu yangu ilikuwa imeanza kuchanika. Nikamfuata Fundi msikitini baada ya swala ya alasiri nikamwomba anifungulie banda, mimi tu, mara moja tu. Alikataa siku ya kwanza. Alikataa siku ya pili. Siku ya tatu nilikuja na gari lenyewe, limeoshwa, limekauka, nililiegesha mlangoni kwake. Alitoka, akaweka kiganja kwenye bodi kama kawaida.

"Umeliosha kwa maji gani?"

"Ya bomba," nikasema.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Fundi."

"Basi neno la aliyefunga lanitosha," akasema, akaenda kutafuta ufunguo wa banda.

Nilikuwa nimeliosha mtoni, Mohoro, siku moja baada ya bamvua, na sikuyaonja maji kwa sababu na mimi nilikuwa nimefunga. Huo ndio uongo wangu. Nimeuandika sasa, kama vile kuna mtu amesimama nyuma yangu anasoma. Siku ile haukuonekana kitu kikubwa. Niliuona kama tone la maji, na kwa kweli ndivyo ulivyokuwa.

Ngozi ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kupaka, hata yeye alisema hivyo. Kwa karibu miaka miwili haikuchubuka. Nilijisifu nayo vijiweni. Mwalimu mmoja wa kike aliyefundisha darasa la pili Mohoro alikuwa akipanda gari langu mara mbili kwa mwezi kwenda kumtazama mama yake Mtawanya. Alipenda kusimama nyuma, ameshika fremu, kwa sababu mbele kulimtia kichefuchefu. Ijumaa moja, tulipokwisha vuka daraja la Ndundu, gari liliingia shimo ambalo nilikuwa nalijua na kulipita kila wiki. Nikasikia sauti kama ya nguo inayochanika. Fremu ya upande wa kushoto iling'oka pamoja na kipande cha bodi ilichofungiwa, na mwalimu akaenda nayo.

Alifariki pale pale barabarani. Nilimfunika kwa kanga yake. Sitaki kusema zaidi ya hapo, na sijui kama nitaweza siku yoyote.

Kile kipande cha bati kilikuwa juu cheusi, kizima, kimependeza. Ukikigeuza, chini yake hakukuwa na chuma tena. Palikuwa na unga wa kahawia unaodondoka ukiugusa. Askari waliokuja kupima waliniuliza nani alipaka. Nikasema Fundi wa Kibiti. Sikudanganya hapo, ndiyo maana jibu lilinitoka kwa urahisi. Walimwita kituoni, nami nilikuwapo. Askari akamwuliza kama alihakiki chuma kabla ya kukifunika, kama ilivyo kawaida yake inayosifiwa na kila mtu.

Fundi alinitazama. Haukuwa mtazamo wa hasira, na laiti ungekuwa. Akasema, "Sikuonja."

Hakuongeza neno. Mimi nami sikuongeza. Niliadhibiwa kwa kosa langu la kubeba abiria kwenye gari la mizigo, likaisha kwa upande wa serikali. Kwa upande wa watu, alilipa Fundi. Stendi nzima ilisema mzee alifanya kazi Ramadhani akiwa na njaa, akapaka bila kuangalia, akaua. Wateja walihamia kwa kijana mmoja aliyefungua banda karibu na soko. Nami nilipokaa vijiweni habari hiyo ikizungumzwa, nilitikisa kichwa kwa huzuni kama wengine. Ukitaka kuujua unafiki, mimi nimeuona kwa karibu.

Baada ya hapo Fundi alianza jambo lake jipya. Alipita stendi kila asubuhi na bisibisi, na kila pikapu aliyowahi kuivika ngozi aliingia chini yake. Alilala chali mchangani, mzee wa umri ule, akagonga bati kwa kishikio, tok, tok, akisikiliza. Abiria wakiwa juu, dereva anapiga honi, yeye anaendelea. Madereva wengine walimvumilia, wengine walimvuta miguu. Walisema kachanganyikiwa. Kumbukumbu yake ilikuwa nzima kuliko yetu sote. Aliyajua magari yale yote, hata yaliyouzwa Nyamisati na Utete, na aliyafuata huko kwa baiskeli yake mbovu mpaka alipolipata la mwisho.

Gari langu moja tu ndilo hakulifuata, maana halikwenda tena popote. Liko uani kwangu mpaka leo. Mke wangu alitaka tuwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu, nikakataa bila kumpa sababu. Majani yamepenya sakafuni, kuku wanataga humo, na mvua ikinyesha ngozi ya Fundi inang'aa kama imepakwa jana. Mchana, nikiwa nimekaa tu barazani, husikia kugonga kule chini. Tok, tok. Naenda kutazama nakuta kuku anadonoa, na mara nyingine simkuti hata kuku. Nimesomewa dua, nimefukiziwa ubani na mke anayedhani ni shetani wa mwalimu. Si mwalimu. Mwalimu hakuwahi kunigongea wala kunijia ndotoni. Ninayemsikia nilikuwa najua anakaa wapi, na miaka yote hiyo nilizunguka njia nyingine ili nisipite kwake.

Mwaka jana nilisikia kwamba Fundi amevimba miguu na haendi tena stendi. Nilikaa na habari hiyo siku tisa. Siku ya kumi nikapanda basi nikaenda Kibiti, nikamkuta kwenye mkeka mbele ya nyumba, miguu ameinyoosha, bisibisi iko kando. Aliniitikia salamu, akauliza mke, akauliza watoto, akauliza shamba. Hakuuliza gari. Mkewe alileta chai akatuacha.

"Fundi," nikasema, "yale maji hayakuwa ya bomba."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ile kituoni. Askari walikiacha kile kibati ukutani. Nilipita nikakisugua, nikaonja." Alisogeza kikombe pembeni. "Kilikuwa kimejaa chumvi ya mto."

Nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na nafikiri nilikuwa nikiyatamani. Alifikiri kidogo, kama alivyokuwa akifikiri kabla ya kukutajia siku za kukausha.

"Kuosha kwako, kuonja kwangu. Mie sikuonja. Nikikutaja weye, kwangu kwapungua nini?" Kisha akasema, "Na nilingoja useme mwenyewe. Nikasema huyu atakuja mwezi huu. Nikasema atakuja mwezi ujao."

Nililia. Sikulia siku ya mazishi ya mwalimu, na pale mkekani nililia mpaka mkewe akachungulia mlangoni. Fundi aliniacha nimalize. Halafu akanyoosha mkono nimwinue.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Mtawanya. Kwa mama yake."

Nilimwambia miguu yake haiwezi, akasema miguu ni yake. Tulikodi bajaji. Njiani alinieleza alichokuwa hajanieleza, kwamba alikuwa akienda kwa mama yule kila baada ya mavuno ya korosho, akimsaidia kuezeka na kukarabati ghala, tangu mwaka ule ule. Yeye mwenyewe alimwambia mama kwamba kosa ni lake. Mama yule alimfukuza mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alimpa maji ya kunywa.

"Umemwambia nini kuhusu mimi?" nikauliza.

"Kwamba hukujua kitu."

Nyumba ilikuwa ya udongo, uwanja umefagiwa. Mama wa marehemu alikuwa kwenye kigoda anapepeta mchele. Alimwamkia Fundi kwa jina lake kamili, mara ya kwanza mimi kulisikia, akamwandalia mkeka, akamlaumu kwa kutembea na miguu ile. Kisha akanitazama, akanijua, akaacha kupepeta.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Fundi kanambia. Nawe mambo yale yamekukuta tu."

Fundi aliangalia chini. Hakunisaidia, na sasa naelewa kwamba hakupaswa kunisaidia. Nikapiga magoti mchangani nikamweleza yote, bamvua, mto, swali aliloniuliza Fundi mlangoni kwake, na jibu nililompa huku nimefunga. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kurukaruka. Alinisikiliza ungo ukiwa mapajani.

Nilipomaliza aliuangalia ungo. Jogoo mmoja alisogea kula punje zilizomwagika, na hakumfukuza.

"Bomba lilikuwa mbali?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Lilikuwa pale pale, ng'ambo ya njia."

"Likawa halitoi maji?"

"Lilikuwa linatoa."

"Ehe?"

"Palikuwa na foleni ya ndoo."

Alizungusha kidole ndani ya mchele, taratibu, kama anayetafuta jiwe.

"Ndoo ngapi?"

"Tano," nikasema.